Mashine ya kufyonza unyevu nayo huota ukungu

Machi mwaka huu, mama mmoja wa Uyole jijini Mbeya alinunua mashine ya kufyonza unyevu iliyokwisha kutumika. Mvua zilikuwa nyingi, ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa na madoa meusi hadi usawa wa kitanda, na mwanawe wa miaka mitano, mwenye pumu, hakuwa akimaliza usiku bila kukohoa. Wiki za mwanzo ndoo ya mashine ilijaa kila siku na kikohozi kikapungua.

Juni, baridi ilipoingia, ndoo ikaanza kubaki tupu. Mashine ilinguruma usiku kucha, ikatoa harufu ya soksi mbichi, na mtoto akarudia kukohoa. Fundi aliyeitwa alisema gesi imeisha na kutaja bei iliyokaribia ile ya kuinunulia. Wakati fedha zikitafutwa, mama huyo aliingiza jiko la mkaa chumbani, angalau pakauke na pawe na joto. Bibi wa watoto alilitoa nje usiku uleule.

Aliyeliona tatizo ni wifi yake anayeishi Gangilonga, Iringa, ambaye naye ana mashine ya aina hiyo. "Wifi, huko nyuma umewahi kufungua?" aliuliza kwenye simu. Hakuwahi. Kifuniko kilipotolewa, filta ilikuwa imezibwa na vumbi na nyuzi za blanketi, na nyuma yake mabomba membamba yalikuwa yameganda barafu.

Mashine hizi hufanya kazi kwa namna ileile ya friji. Feni huvuta hewa ya chumba na kuipitisha kwenye mabomba ya baridi, unyevu unageuka matone na kudondokea kwenye ndoo, kisha hewa iliyokauka inarudi chumbani. Filta ikiziba, hewa inayopita ni kidogo, mabomba yanazidi kupoa na maji yanaganda badala ya kudondoka. Chumba chenyewe kikiwa cha baridi, hali ni hiyohiyo hata kama filta ni safi. Mashine nyingi za kompresa huanza kulegea joto la chumba likishuka chini ya nyuzi 15 hivi.

Hapo ndipo wakazi wa Nyanda za Juu Kusini wanapotofautiana na mtu wa Dar es Salaam. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Mashine iliyofanya kazi vizuri kwenye duka la Kariakoo inaweza kuonekana mbovu ikifika Uyole au Mafinga, kumbe inapambana na baridi. Zipo zinazotumia kemikali ya kunyonya maji badala ya kompresa, nazo huhimili baridi zaidi, ila hula umeme mwingi.

Barafu ikionekana, mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme na kuachwa iyeyuke yenyewe, taulo likiwa limetandikwa chini. Wapo wanaoibandua kwa kisu cha jikoni. Bomba likitoboka, gesi inatoka kweli, na yule fundi atakuwa amepata kazi yake. Maji ya moto nayo hayafai. Kama filta ni safi, chumba kina joto la kawaida na barafu bado inarudi, hapo ndipo fundi wa friji anapohitajika.

Kabla ya kumwita, kuna mambo madogo ya kutazama. Ndoo isipokaa sawasawa, mashine haiwaki. Ndani ya ndoo kuna boya dogo, kazi yake ikiwa kuzima mashine maji yakijaa. Likikwama kwa utelezi, mashine hudhani imejaa wakati ni tupu. Anayetumia mpira wa kutolea maji ahakikishe unateremka njia nzima. Mashine iliyolazwa kwenye buti la basi kutoka Dar es Salaam isimamishwe wima, ikiwezekana siku nzima, kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Na za mitumba zisomwe kibandiko cha nyuma: zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani au Japani hutumia volti 100 hadi 120, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230. Zikichomekwa moja kwa moja zinaungua.

Barafu ni hasara ya fedha. Uchafu ndio unaohusu afya. Ndani ya mashine isiyosafishwa kuna giza, maji na vumbi, yaani kila kinachohitajika ili fangasi waote, kisha feni inawapuliza kwenye chumba alicholala mtoto. Kiswahili kimeupa ukungu wa milimani na ule wa ukutani jina moja, na pengine ndiyo maana wengi wanauona wa ukutani kama sehemu ya hali ya hewa tu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo ukieleza kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu na ukungu wako kwenye hatari kubwa zaidi ya matatizo ya njia ya hewa, ikiwamo pumu kuzidi. Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki dunia Desemba 2020, na uchunguzi uliohitimishwa Novemba 2022 ukabaini kuwa chanzo kilikuwa kuvuta kwa muda mrefu hewa yenye ukungu nyumbani kwao.

Usafi wenyewe hauchukui nusu saa. Filta huoshwa kila baada ya wiki mbili, au kila wiki pale penye vumbi la barabara au la tofali za kuchoma zisizopigwa plasta. Maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida yanatosha. Ikaushwe kivulini hadi ikauke kabisa, kwani jua kali hupinda plastiki, na filta mbichi ikirudishwa ndiyo inayoleta ile harufu ya soksi. Mabomba ya ndani yapitishwe brashi laini yakiwa yamekauka, mashine ikiwa imechomolewa.

Ndoo imwagwe kila siku na kusuguliwa kila wiki, hasa kwenye kona na kuzunguka boya. Utelezi mgumu hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji. Anayependelea jik atumie kidogo kwenye maji mengi na kusuuza vizuri, lakini jik na siki visikutane kamwe. Mchanganyiko wake hutoa gesi ya klorini, ambayo kwa mwenye pumu inaweza kumaliza kila kitu kilichokusudiwa kuokolewa.

Kuna wanaoyaona maji ya ndoo kuwa safi kwa kuwa yametokana na mvuke. Si ya kunywa, kupikia wala kumwogeshea mtoto, maana yamepita kwenye vumbi, chuma na vimelea. Yatumike chooni au kudekia.

Hata mashine safi ina msimu wake. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zinaponyesha na hewa ya nje yenyewe ni nzito, inafaa: milango na madirisha yafungwe, mashine iwekwe angalau sentimita 20 kutoka ukutani, na lengo liwe unyevu wa chini ya asilimia 60 kwenye kipimo chake. Juni hadi Agosti mambo ni tofauti. Mvua zimekatika na hewa ya mchana mjini Mbeya na Iringa ni kavu. Unyevu wa chumbani unatokana na pumzi za watu watano waliolala madirisha yakiwa yamefungwa, sufuria jikoni na nguo zinazoanikwa ndani. Kufungua madirisha kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri kunautoa bila kutumia uniti hata moja. Tukuyu na maeneo ya mashamba ya chai Mufindi, ambako ukungu unaweza kukaa hadi mchana, watu husubiri uondoke kwanza.

Suala la uniti si dogo. Mashine ya wati 250 ikiwashwa saa 10 kwa siku hutumia uniti 2.5, sawa na 75 kwa mwezi. Uniti 75 ndizo kikomo cha wateja wa majumbani wa Tanesco wanaotozwa bei nafuu, kwa hiyo mashine peke yake inaweza kuihamisha familia kwenye bei ya juu. Na kama paa linavuja, au nyumba ilijengwa bila kutandaza nailoni juu ya msingi na maji yanapanda ukutani, mashine itafyonza mwaka mzima bila kumaliza. Kupaka rangi juu ya madoa nako hakusaidii. Madoa yafutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mfutaji akiwa amevaa barakoa, na yasisuguliwe makavu kwa brashi kwani vumbi lake husambaa.

Jiko la mkaa halina nafasi chumbani katika msimu wowote. Hewa ya kaboni monoksidi inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala rangi, na inaua watu wakiwa usingizini. Bibi wa Uyole hakulijua jina hilo. Alilitoa jiko kwa sababu kichwa kilimuuma alipoingia kuwafunika wajukuu, na maumivu hayo ya kichwa ndiyo dalili ya mwanzo.

Wala si kila kikohozi ni cha ukungu. Kinachofikisha wiki mbili kinahitaji kipimo cha kifua kikuu. Mtoto anayepumua haraka, anayebonyea kifua, anayeshindwa kunyonya au ambaye midomo yake inabadilika rangi apelekwe hospitali saa hiyohiyo, awe na pumu au asiwe nayo.

Barafu ilipoyeyuka na filta kuoshwa, ile mashine ya Uyole ilijaribiwa mchana wa jua na ndoo ikaanza kupata maji. Fundi hakuitwa tena. Sasa imefunikwa kwa kanga kwenye kona ya sebule, ndoo ikiwa imekaushwa na kuachwa wazi, ikisubiri Novemba. Kitanda cha mtoto kimesogezwa mbali na ukuta wa madoa, na nguo zinaanikwa nje hata kama zitachukua siku mbili kukauka.