Mogadishu walipanda jukwaani

Juzi nilikuwa Nungwi, nimekaa pale wanapochonga majahazi. Hoteli ya jirani bendi inawapigia watalii nyimbo za Queen. Mzee mmoja akaniuliza, "Mwanangu, kelele hizi zimemfaa nani?" Nikacheka. Lakini swali nimerudi nalo mpaka mjini, maana na mie ni katika wale wanaopenda kuandika kwamba muziki unaleta amani.

Haya wadau, tuwatazame Waayaha Cusub. Ni vijana wa Kisomali walioanzisha kundi lao mwaka 2004 Nairobi, Eastleigh. Wao ni hip hop, si rock kama ya Freddie Mercury wetu wa Mji Mkongwe, lakini ujeuri ni ule ule. Mwaka 2007 kiongozi wao, Shiine Akhyaar Ali, alipigwa risasi. Akapona, akaendelea kuimba dhidi ya al-Shabaab, tena kwa kuwataja jina.

Aprili 2010 wanamgambo waliamuru redio za Mogadishu ziache muziki. Vituo vingine vikaanza kufungulia vipindi kwa milio ya bunduki na ya vyura! Machi 2012 Jumba la Taifa la Maigizo likafunguliwa tena, na tarehe 4 Aprili likalipuliwa. Rais wa kamati ya olimpiki na wa shirikisho la soka wakafa humo. Mwaka uliofuata, Machi 2013, Waayaha Cusub wakarudi Mogadishu kufanya tamasha. Walijua wanaingia wapi.

Vita viliisha? Wapi! Oktoba 2017 bomu la lori liliua watu zaidi ya 500 mji huo huo. Ukipima kwa hesabu hiyo, mzee wangu kashinda.

Ila kinachonikera ni sisi waandishi. Tunaandika "bendi yaleta matumaini" kama vile matumaini ni shehena ya mchele inashushwa bandarini. Mogadishu ilikuwa na Dur-Dur Band miaka ya 80, watu wakicheza mpaka usiku wa manane. Vijana wale walirudi kudai kilichokuwa chao. Kwangu mie hilo ni kubwa kuliko matumaini, na ni la hatari zaidi.

Na sisi Unguja tusijifanye hayatuhusu. Mwaka 2006 sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe Freddie ilifutwa hapa hapa kwa shinikizo la UAMSHO. Bunduki hazikuwepo, alhamdulillah, lakini wangapi tulisema kitu?

Nikamuuliza mzee, harusini kwake hapakupigwa taarab? Akanyamaza kidogo, akaitazama jahazi.

"Bi Kidude unamjua?" akasema, na tukakaa hapo mpaka magharibi.