Deni la gari lisomwe kwa Kiswahili

Ndugu zetu wanaohamia Marekani hulazimika kununua gari mapema, kabla ya kukimudu Kiingereza cha mkataba. Kwa kuwa hawajawahi kukopa huko, mara nyingi hutozwa riba kubwa. Muuzaji hutaja malipo ya mwezi: dola 254. Lakini gari la dola 10,000, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, likilipwa miezi 60, hugharimu zaidi ya dola 15,200. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1968 inataka jumla hiyo iandikwe. Haidai iandikwe kwa Kiswahili. Sisi tunaandika tasnifu juu ya ngeli. Naona tuandike pia kamusi ndogo ya mkataba huo: riba, mdhamini, malipo ya awali. Istilahi isiyomfikia mdaiwa ina kazi gani?