Uji Ukizidi Maji

Sote tunajua unga ukipungua na watoto ni wengi, tunashawishika kuongeza maji. Sufuria hujaa, lakini watoto hawashibi. Serikali inayochapisha noti ili kuziba madeni yake hufanya vivyo hivyo: noti huongezeka, unga ni ule ule.

Wenzetu wa Zimbabwe waliyaonja hayo. Benki kuu yao ilichapisha noti kugharimia serikali, na mfumuko wa bei wa Julai 2008 ulitangazwa kuwa ulifikia asilimia milioni 231. Januari 2009 ikatoka noti ya dola trilioni 100, yaani 1 yenye sifuri 14 nyuma yake! Sisi wauguzi hatusahau kilichofuata hospitalini. Mishahara ya wauguzi wengi haikutosha hata nauli ya kwenda kazini, wakabaki nyumbani, na hospitali kubwa za Harare zikarudisha wagonjwa. Wakati huo huo kipindupindu kiliwaua watu zaidi ya 4,000.

Mwaka 2009 wananchi waliruhusiwa kutumia dola ya Marekani na randi ya Afrika Kusini. Bidhaa zilirudi madukani, lakini akiba za wazee zilizokuwa benki zilikwisha kuyeyuka.

Basi tufanyeje? Tusiweke akiba yote katika noti. Kuku, mbuzi na mbegu navyo ni akiba. Na tusikiapo serikali inakopa, tusione haya kuwauliza wabunge wetu: mkopo huu utaongeza unga, au utaongeza maji?