Simu Imefungwa, Mtoto Je?

Binti wa miaka 13 aliletwa kliniki na mama yake kwa sababu ya maumivu ya kichwa yasiyokoma. Barua ya rufaa ilionesha kuwa alikwishapimwa malaria mara tatu, homa ya matumbo mara moja, na macho, bila tatizo lolote kuonekana. Usiku hakuwa akilala. Nilipomwomba mama atupishe kidogo, muuguzi akabaki nasi, binti alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Nikisema, mama atanichapa?" (Baadhi ya maelezo nimeyabadilisha ili asitambulike.)

Mtu aliyejifanya kijana wa rika lake alimshawishi amtumie picha, halafu akaanza kumtishia kuisambaza. Visa vya namna hii si vigeni kwetu. Kilichonifikirisha ni kwamba mama huyu hakuwa mzembe. Alikuwa ameweka nywila, amezuia programu za watu wazima, na amepanga simu ijifunge saa 3 usiku. Binti alitumia simu ya binamu yake.

Sisemi kwamba vidhibiti vya wazazi havina kazi. Kwa mtoto mdogo vina faida kubwa, hasa ikikumbukwa kuwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haushauri mtoto wa chini ya miaka 2 kukaa mbele ya skrini, na kwa wa miaka 2 hadi 4 unataka isizidi saa 1 kwa siku. Programu kama Family Link humwezesha mzazi kuidhinisha kila programu inayopakuliwa na kupanga saa ya simu kulala. Tatizo ni kwamba zana hizi zimebuniwa kwa dhana kwamba mtoto ana simu yake. Katika nyumba nyingi ninazozifahamu, simu ni ya mama. Mtoto hupewa ili atulie wakati chakula kinapikwa, na akaunti iliyomo ni ya mtu mzima. Simu kadhaa huruhusu kufungua upande wa mtumiaji wa pili, na inafaa mzazi autumie. Kichujio cha kwenye ruta nacho huchuja yanayopita kwenye ruta tu: mtoto akipata laini yenye bando, amekwishakikwepa. Wala hakiwezi kusoma ujumbe wa WhatsApp, kwa kuwa husimbwa tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji. Vitisho alivyopata binti huyu vilipita huko huko.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa liko katika maneno tunayoyasema tunapoifunga simu. Mama alipoingia tena na binti kumweleza mwenyewe, alilia, akamuuliza kwa nini hakumwambia mapema. Binti akajibu, "Ulisema ukikuta kitu utaivunja simu na kunirudisha kijijini." Mhalifu hutegemea hofu hiyo hiyo, yeye pia humwambia mtoto kuwa wazazi wakijua atakiona. Kwa hiyo ningependa mzazi aweke nywila mtoto akiwa ameketi kando yake, amweleze sababu, na amwahidi kwamba akiletewa habari mbaya hatampiga wala kumnyang'anya simu kwa kosa la kusema. Ahadi hiyo ni ngumu kuitimiza. Mimi pia ni mzazi, najua.

Kwetu wahudumu wa afya, nadhani tumezoea mno kuandika vipimo vingine. Mtoto mwenye kichwa au tumbo lisilo na sababu, asiyelala, au aliyeacha ghafla kupenda shule, aulizwe pia bila mzazi kuwapo: analala na simu? Kuna mtu mtandaoni anayemtisha au kumwomba picha? Akikubali, tusimtake atuoneshe picha, na asiwepo mtu yeyote wa kuirusha kwa mwingine, hata kwa nia ya kusaidia. Ujumbe wa vitisho usifutwe, kwani ni ushahidi. Fedha zisilipwe, picha nyingine isitumwe, na mtumaji azuiwe baada ya ushahidi kuhifadhiwa. Familia ielekezwe Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au ipige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Tumuulize pia, kwa upole na bila kuzunguka, kama amewahi kufikiria kujidhuru, na akisema ndiyo asiondoke kliniki siku hiyo kabla hajaonana na mtaalamu wa afya ya akili.