Njia ya Tabibu kwenda Shahada

Mwanafunzi mashuhuri kuliko wote waliopata kusoma Mwisenge, Musoma, hakufika kwenye shahada kwa njia iliyonyooka. Julius Nyerere aliingia shule hiyo mwaka 1934, akaendelea Tabora, kisha akahitimu stashahada ya ualimu Makerere mwaka 1945. Alifundisha Tabora, katika shule ya St. Mary's, takriban miaka mitatu kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, akapata shahada mwaka 1952. Miaka ile ya chaki haikumfungia mlango.

Kwa tabibu wa leo, miaka ya kazi yaweza kuufunga. Mhitimu wa stashahada ya utabibu, kozi ya miaka mitatu inayotolewa hata Musoma kwenyewe, anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari iwapo wastani wake ni B, naye alifaulu masomo ya sayansi, hisabati na Kiingereza kidato cha nne. Masharti hayo hayana ubaya. Kikwazo kipo kwenye fedha. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya miaka ya karibuni imemtaka mwombaji awe hajavuka umri wa miaka 35, awe amehitimu ndani ya miaka mitano, na asiwe na ajira.

Chukua mfano wa tabibu aliyepangiwa zahanati ya kijijini wilayani Butiama mara tu alipohitimu. Anatibu malaria na nimonia, anashona majeraha, na usiku wa manane anaamua mgonjwa yupi asubiri asubuhi na yupi asafirishwe hadi hospitali ya rufaa Kwangwa. Baada ya miaka sita anafahamu vizuri mahali elimu yake inapoishia, na ufahamu huo ni maandalizi ambayo hakuna mtihani wa kidato cha sita unaoyapima. Lakini kwa hesabu ya mkopo, amekwisha kuchelewa. Mwenzake aliyekosa kazi akakaa nyumbani miaka minne angali na sifa!

Zamani palikuwa na ngazi ya katikati. Tabibu mwenye uzoefu alisoma miaka miwili akawa daktari msaidizi, na kwa miongo mingi madaktari wasaidizi ndio waliowapasua kina mama waliokwama uzazi katika hospitali nyingi za wilaya. Kuifunga kozi hiyo kunaweza kutetewa. Lililo gumu kutetea ni kuifunga bila kupanua mlango wa shahada.

Wapo wanaodai kwamba uzoefu upunguze miaka mitano ya udaktari. Hapana. Biokemia na patholojia hazifundishwi na foleni ya wagonjwa, na tabibu aliyezoea kutibu kwa mwongozo ana mazoea kadhaa ya kuacha. Asome miaka yote mitano pamoja na vijana waliotoka kidato cha sita. Kinachopaswa kubadilika ni hesabu: ukomo wa miaka mitano uanze siku mwajiri anapompa ruhusa ya masomo, si siku ya kuhitimu stashahada, na mkopo uambatane na mkataba wa kurudi kufanya kazi katika wilaya iliyomruhusu.

Dirisha la maombi hufunguliwa kila mwaka. Naye yuko zahanati, na foleni imefika nje ya mlango.