Fataki za dakika kumi zina karatasi. Shimo letu lina nini?



Siku za bonne année kijana mmoja wa timu yetu alituonyesha simu yake. Ilikuwa fataki za Nairobi, ile mioto ya rangi inayopanda juu na kupasuka sawa maua. Wakubwa walicheka. Mtoto mdogo aliyekuwa pale, mwenye kuzaliwa katika kukimbia, alisikia mlio akaingia chini ya kitanda. Baba yake akazima simu, na hakuna mtu aliyecheka tena.

Kwetu, kusema kweli, nani atawasha fataki? Tangu tarehe 6 mwezi wa tano 2021 jimbo letu liko chini ya état de siège, na kisha vita ikapanda tena. Mshindo ukisikika usiku hapana mtu anayefikiri sikukuu. Lakini swali lilibaki kwetu siku ile: yule mtu wa Nairobi, nani alimpa ruhusa ya kupasua baruti katikati ya mji wenye watu milioni na milioni? Tukaanza kuuliza. Jibu linatugusa sisi wachimbaji kuliko tulivyodhani, njo maana tunaandika.

Katika Kenya, fataki ziko chini ya sheria ileile ya baruti ya kupasua mawe, Explosives Act, sura ya 115. Wenye kuisimamia ni watu wa madini. Katika Tanzania ni vilevile: sheria ya baruti ya mwaka 1963 iko mikononi mwa wizara ya madini. Yaani mwenye kutaka kufurahisha watu dakika kumi kwenye sikukuu, na mwenye kutaka kuvunja mwamba chini ya ardhi, wanapiga hodi kwenye mlango mmoja. Hata neno lenyewe linasema. Fungua kamusi ya Kiswahili: fataki ni ile ya sikukuu, na fataki ni kile kikofia kidogo chenye kuwasha risasi ao baruti. Wazee walijua kwamba ni ndugu wa tumbo moja.

Katika Ufaransa, kule magazeti yetu yanapenda kutazama, mambo yameandikwa mpaka kwenye kilo. Onyesho likiwa na zaidi ya kilo 35 za dawa yenyewe ya kuwaka, ao likitumia fataki za daraja la nguvu kabisa, mtayarishaji lazima ajulishe meya na préfet mwezi mmoja mbele. Zile za nguvu, mwenye kuziwasha anapaswa kuwa na hati ya ujuzi ya jina lake mwenyewe. Hapana ya kampuni, hapana ya muyomba wake. Jina lake. Kukitokea kitu, wanajua ni mkono gani uliwasha.

Usidhani karatasi peke yake inaokoa. Usiku wa kuingia mwaka 2023, Kampala, kwenye jengo la maduka la Freedom City, watu waliambiwa watoke nje kutazama fataki. Njia ilikuwa nyembamba, mlango wazi ulikuwa mmoja. Watu karibu kumi walikufa kwa kukanyagana, na wengi walikuwa vijana na watoto. Fataki hazikumchoma hata mmoja. Kilichoua ni mlango. Sisi wenye kushuka ndani ya shimo lenye mdomo mmoja tunaelewa neno hilo bila kufafanuliwa.

Na Beirut. Wengi waliona ile picha, tarehe 4 mwezi wa nane 2020, moshi mwekundu na mji unapeperuka. Ndani ya hangari ya 12 kulikuwa tani 2.750 za nitrate d'ammonium, na fataki zilikuwa zimewekwa humo humo. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kile ambacho watu hawakusema sana kwetu ni hiki: ule mzigo haukuwa wa Beirut. Ulikuwa unaenda Mozambique, kwenye kiwanda cha baruti za kazi, baruti za migodi. Meli ilikwama kule mwaka 2013, mzigo ukashushwa, na miaka ikapita, barua zikapita, hapana mtu aliyesema "hii ni yangu". Nitrate d'ammonium njo ile ile inayochanganywa na mazout ili kupasua mwamba katika mgodi. Tunaisema kwa sababu ya wale wanaotuambia, "Kama hamujaiwasha haina neno." Iko na neno. Kitu kisicho na mwenyewe kinangojea siku yake tu.

Sasa turudi nyumbani.

Sheria ya madini ya Congo, ya mwaka 2002, iliyobadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018, haimwachi mtu kubeba ao kutumia baruti hivi hivi. Inahitaji ruhusa ya utawala wa mines. Kampuni yenye titre inaweza kuiomba. Mchimbaji wa mkono, mwenye ile carte ya creuseur ya mwaka mmoja, karti yake inamruhusu kuchimba katika eneo lililotengwa, akiwa ndani ya koperative. Neno baruti halimo. Tena sheria hiyo inamtaka asipite mita 30 kwenda chini. Wenye kucheka hapo, mucheke. Tunajua wote mashimo yetu yanafika wapi.

Kwa hiyo katika Walikale tuko na dunia mbili. Bisie, kule mlimani, kampuni Alphamin inachimba cassitérite chini ya ardhi kwa mitambo na kwa baruti, na vitabu vyake vya baruti. Ni mlima ule ule ambao wenzetu maelfu walikuwa wakichimba kwa mkono tangu mwanzo wa miaka ya 2000, mpaka Rais Kabila alipofunga kazi yote ya mkono mwezi wa tisa 2010, akaifungua mwezi wa tatu 2011. Wengine waliobeba mizigo mgongoni kutoka Bisie wangali hai, wanasoma ukurasa huu.

Tarehe 13 mwezi wa tatu 2025 kampuni ilisimamisha kazi kwa sababu vita ilikuwa inakaribia. Siku sita baadaye M23 iliingia Walikale-centre. Kampuni ilisema imeondoa wafanyakazi na kuacha wachache wa kulinda na kutunza mgodi. Tarehe 9 mwezi wa ine ikatangaza kuanza tena polepole. Hatusemi kitu kilipotea. Tunasema hivi: katika zile wiki ine, raia wa vijiji vya pembeni walikuwa na haki ya kuuliza, baruti iko wapi, iko chini ya funguo za nani, na ikiwa mlinzi anakimbia, anakimbia na funguo ama anaziacha? Mtu wa fataki wa Ufaransa anaulizwa hayo kwa kilo 35. Hapa hatukusikia mtu akiuliza kwa sauti. Wakati wa vita wote wanahesabu bunduki, na stoo ya mgodi wanaisahau.

Dunia ya pili ni yetu. Mwamba ukikaza, bidi na nyundo vinashindwa, na hapo njo mtu anakuja na kitu ndani ya mfuko. Hatutasema ni shimo gani. Tulikuwa pale, katika Masisi, miaka kadhaa nyuma. PDG wa shimo alikuwa na haraka, deni la chakula lilikuwa limepanda, na mgeni mmoja akaja na vijiti na utambi. Hakuna aliyemuuliza alijifunza wapi. Walipasua asubuhi, moshi ukatoka, wakangojea kidogo tu, na vijana wawili wakashuka kutazama kama mawe ni mazuri. Mmoja tulimvuta kwa kamba, mwingine alipona kwa shida. Hawakuangukiwa na jiwe. Ni hewa.

Tunaomba hapa musome polepole, na kama hamusomi muombe mtoto asome kwa sauti. Baruti ikipasuka chini inaacha sumu mbili. Moja ina rangi ya kahawia nyekundu na inawasha pua. Hiyo unaweza kuikimbia. Nyingine, monoxyde de carbone, haina rangi wala harufu. Unasikia kichwa kizito, magoti yanalegea, unataka kukaa kidogo upumzike. Ukikaa, umekwenda. Na mwenzako akishuka bila hewa ili kukutoa, anabaki pale pale. Katika mgodi wenye vitabu kuna mashini ya kusukuma hewa, na mtu wa kupima kabla ya wengine kushuka. Sisi tunatuma mdogo wa wote.

Tena kuna raté, baruti iliyokataa kupasuka. Inabaki ndani ya tundu sawa nyoka. Boutefeu wa kweli, yule mwenye permis, anahesabu milio: aliweka sita, alisikia tano, basi hapana mtu kukaribia. Na tundu la zamani halitobolewi tena, hata kama linaonekana tupu. Katika mashimo yetu nani anahesabu? Aliyeweka asubuhi ameondoka saa nane na makuta yake, timu ya usiku inaingia na bidi.

Mtu atatuambia: basi leteni serikali, itoe permis. Ndugu, serikali gani? Hapa njo uchungu wa maneno yetu. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa mwezi wa ine 2024. Wataalamu wa ONU waliandika kwamba AFC/M23 waliweka ofisi yao ya madini, na ofisi hiyo ikatoa ruhusa: dola 25 kwa mwaka kwa mchimbaji, dola 250 kwa mfanyabiashara. Walihesabu pia kodi ya coltan ya Rubaya, angalau dola 800.000 kwa mwezi. Upande mwingine, mwezi wa pili 2025 wizara ya mines ya Kinshasa iliweka machimbo ya Masisi, pamoja na ya Kalehe, katika rangi nyekundu. Yaani mzigo wake hauna ruhusa ya kuuzwa kisheria. Kwa hiyo mchimbaji wa Rubaya anaweza kuwa na karti mfukoni, ameilipia, na kwa karti hiyo hiyo upande mmoja unamwita mfanyakazi, upande mwingine unamwita mwenye kosa.

Sisi hatuamui hapa nani ni mkubwa wa nani. Gazeti hili si mahali pake, na tuna watoto. Tunatazama karatasi tu. Ile ya fataki ya Nairobi ao ya Ufaransa inauliza mwenye kuomba: wewe ni nani, ulijifunza wapi, stoo yako iko mbali gani na nyumba za watu, watu watasimama wapi, ikitokea hasara nani atalipa? Karti zetu, ile ya Kinshasa na ile ya dola 25, zinauliza ulipe ngapi. Mwenzetu mmoja alituambia, "Grand, hii karti inanijua hapa juu. Chini hainijui."

Tarehe 28 mwezi wa kwanza 2026 Rubaya ilianguka. Viongozi waliowekwa na AFC/M23 walisema waliokufa ni zaidi ya 200, wachimbaji, watoto na mama wa soko ndani yao. Hapo hapakuwa neno la baruti. Ni mvua na udongo uliochoka. Lakini swali ni lile lile la Kampala: nani alikuwa ametazama mlango? Nani alikuwa na jina lake kwenye karatasi kwamba siku ya mvua kubwa anaweza kusema "leo hapana kushuka", na akasikilizwa? Kodi ilikuwa na mtu wake kwenye kila barabara. Usalama haukuwa na mtu.

Tunajua PDG watajibu kwamba wao si kampuni, hawana pesa za kulipa boutefeu. Wengi wao wamekopa mpaka shingoni, hatusemi uongo. Lakini kuhesabu hakuna bei. Daftari moja ya franka kidogo, kwenye mdomo wa shimo: nani ameshuka, nani ametoka, mvua ilinyesha usiku ama hapana, kama kuna baruti ni nani ameileta, aliweka ngapi na ilisikika ngapi. Wakala wa SAEMAPE alikuwa akituomba kitu kama hicho zamani, tukamwona msumbufu. Baadhi yao walikuwa wasumbufu kweli, walikuja kwa ajili ya bahasha. Daftari halikuwa na kosa.

Kwa mama zetu: ukikuta vijiti, nyuzi ao vikofia vya chuma chini ya kitanda ao jikoni, usivitupe motoni wala usimpe mtoto apeleke nje. Ondoa watoto, usiguse kitu, mwite mwenye kukileta akiondoe siku hiyo hiyo. Akikataa, ita mkubwa wa timu, na mutulize sauti, maana jirani akisikia neno bomu usiku kijiji chote kitakimbia msituni.

Delegue wetu wa Masisi na wa Walikale wanaanza kukusanya karti, za zamani na mpya, za upande wowote. Hatuzichukui. Tunanakili tu kilichoandikwa nyuma, bila jina la mwenyewe, tuone kama kuna hata moja yenye neno juu ya hewa, mvua ao baruti. Mpaka leo tumetazama kumi na moja. Nyuma ya tisa ni tupu. Mbili zina muhuri.