Hiyo Sketi ya Majani Irudishwe

Kila mwaka tarehe 20 Juni ikikaribia, kamati inapita nyumba kwa nyumba kutafuta watoto wa kucheza ngoma mbele ya wageni. Mwaka huu wamefika kwangu. Wanamtaka binti yangu wa miaka 11, na wamekuja na sketi ya majani makavu mkononi. Nimekataa. Toka siku hiyo naitwa mwenye kiburi. Jirani yangu mmoja ameniambia usoni: "Papa Neema, wageni wanapendaga hivyo. Wakifurahi, si tunapata sabuni? Ni mchezo tu hii."

Ndugu msomaji, nataka kulijibu hilo neno "mchezo tu". Jibu langu linaanzia mbali, lakini vumilia, litarudi hapa hapa kambini.

Kule California, Marekani, kuna bustani ya michezo inaitwa Disneyland. Ilifunguliwa Julai 1955. Toka siku ya kwanza kulikuwa na safari ya mashua inayoitwa Jungle Cruise. Unakaa, nahodha anakupitisha kwenye mto wa kutengenezwa, eti sasa uko Nile, sasa uko Kongo. Mashua mojawapo iliitwa Congo Queen. Viboko na tembo ni sanamu zinazojongea kwa mashine, maana wanyama wa kweli wangelala mchana na mgeni asingeona kitu. Pembeni ya mto waliwekwa na watu, sanamu vilevile: weusi wenye mikuki, weusi wanaocheza ngoma. Baadaye akaongezwa mmoja anayeuza vichwa vya binadamu vilivyokaushwa. Nahodha anatania, watoto wanacheka, mashua inageuka kona.

Huo ndio mchezo tu. Umechezwa zaidi ya miaka 60. Mwaka 2021 ndipo wenye bustani walipotangaza kwamba wanaondoa sanamu hizo, na yule muuza vichwa akaondoka. Wapo waliolalamika: mbona mnaharibu utoto wetu? Mimi nawauliza, utoto wa nani? Kizazi kizima kilijifunza mto wetu kwa mzaha wa dakika chache, kikakua, kikawa walimu, maofisa, watu wa kuamua nani apewe hifadhi na nani akae asubiri. Unadhani ule mzaha waliuacha ndani ya mashua?

Utaniambia: sawa, si wameshabadilisha? Ndiyo. Sasa sikiliza walichoweka sehemu nyingine.

Mtoto wa mama mdogo alihamishiwa Florida miaka michache iliyopita. Juzi alinitumia video kwenye simu. "Kaka, angalia, Kiswahili!" Ni bustani nyingine ya Disney, Animal Kingdom, iliyofunguliwa 1998. Ndani yake kuna mji wa kubuni unaoitwa Harambe, uliojengwa kwa mfano wa Lamu. Kuta zina maandishi ya Kiswahili. Rangi imebanduka na plasta ina nyufa, na zote hizo zimewekwa kwa makusudi na mafundi wanaolipwa vizuri, ili mji uonekane wa zamani na wa Kiafrika. Kuingia kwa siku moja ni zaidi ya dola 100 kwa kichwa.

Nilifurahi kuona lugha yangu, sitadanganya. Hakuna mikuki mle. Halafu nikainua macho nikaangalia ukuta wa nyumba yangu. Nyufa zake hazikutengenezwa na fundi. Mimi ni mwashi, nyufa hizo ningeziziba kwa siku mbili, lakini hapa tunakatazwa kujenga nyumba ya kudumu. Mgeni anakuja anapiga picha ukuta huo huo.

Kwa hiyo bustani inabadilika, kweli. Mwaka 1955 Mwafrika alikuwa wa kuchekwa na kuogopwa. Mwaka 1998 akawa wa kupendeza, mwenye mji mzuri uliochakaa. Lakini miaka yote hiyo anayeamua Mwafrika aonekane vipi ni yule yule anayeuza tiketi.

Na sisi Wakongomani tusijifanye jambo hili geni. Mwaka 1897 mfalme Leopold II alipeleka watu wetu 267 Ubelgiji, wakawekwa kwenye vijiji vya maonyesho kule Tervuren, watu wanapita kuwatazama. Saba walikufa, makaburi yao yako huko hadi leo. Mwaka 1958, miaka mitatu baada ya Disneyland kufunguliwa, wakafanya tena Brussels: kijiji cha Kikongo, ua wa mianzi, mafundi wetu ndani wakifanya kazi za mikono. Wageni wakawarushia ndizi. Wale mafundi walifanya nini? Walilalamika, halafu wakaacha wakarudi nyumbani. Hawakungoja miaka 60 mwenye maonyesho ajirekebishe mwenyewe.

Hao ndio ningependa kamati iwakumbuke ikibeba ile sketi. Babu zangu Fizi hawakuvaa majani yale. Bibi yangu alikwenda kwenye ngoma na kitenge chake bora, kilichokunjwa sandukuni mwaka mzima. Sketi ile imetoka kwenye picha za watu wengine, na sisi wenyewe ndio tunaishona.

Suala la sabuni nalijua. Nina watoto wanne, nami nafua. Lakini sabuni ile imo kwenye bajeti kabla mgeni hajapanda gari. Haitolewi kwa sababu mtoto ametingisha kiuno. Na kama kweli inatolewa kwa sababu hiyo, basi tuseme wazi kwamba tunakata tiketi, na watoto ndio sanamu.

Kuna jambo limenisumbua, nalo nitalisema. Binti yangu mwenyewe alilia. Anapenda kucheza. Akaniuliza, "Papa, kwani kucheza ni mubaya?" Nilikaa kimya muda. Hapana mwanangu, si vibaya. Bibi yako alicheza kwenye harusi, na kila mtu uwanjani alijua kwa nini anacheza.

Basi mkutano wa kamati ni Jumamosi, nami nitakwenda. Nitaomba mambo matatu. Sketi irudishwe. Watoto wavae kitenge, na kabla ya ngoma mmoja wao ashike maiki aeleze ngoma hii ni ya wapi na huchezwa lini. Na wageni wasiondoke kabla hatujawauliza maswali yetu, la kwanza likiwa hili la nyumba za kudumu. Wakikubali, Neema atacheza. Ameshaanza mazoezi nyuma ya nyumba, na kitenge amechukua cha mama yake.